Nyumba Iliyovaa Nyimbo

Ijumaa haikuwa siku ya kuzurura katika boma la Mzee Ishmael Machogu. Mzee alikuwa kiongozi wa kanisa la Wasabato pale Nyansiongo, na kwake Sabato ilianza pindi jua lilipogusa kilima. Kufikia wakati huo maji yawe yamechotwa, kuni zimepasuliwa, chakula cha kesho kimepikwa, na nguo za kanisani zimenyooshwa kwa pasi ya makaa. Lililobaki bila kufanywa lilibaki hivyo hivyo mpaka Jumamosi jioni.

Kwa hiyo Bathsheba alipomwona bintiye Kemuma akinawa miguu alasiri ile, ilhali viazi vilikuwa havijamenywa, alijua anakokwenda. Hakumzuia. Alimwambia tu kwamba jua halina mkwe, halitamsubiri mtu.

"Nitarudi kabla, mama."

"Mwambie mume wako asikuweke sana," Bathsheba akajibu, akacheka peke yake. Neno hilo, mume wako, lilikuwa jipya mdomoni mwake na alipenda kulitamka.

Kemuma alijaribu kucheka naye, akashindwa, akashika njia.

Mambo yalikuwa yamekubaliwa wiki ile ile. Kwa muda mrefu Ongeri, mwana wa Ratemo, alikuwa akimtuma esigani, yule mshenga ambaye Wagusii humtumia kuunganisha nyumba mbili, na kila mara Mzee Machogu alimkaribisha, akampa uji, akamsikiliza kwa adabu, kisha akakataa. Hakuwa na ubaya na kijana mwenyewe. Ongeri alijua ng'ombe, pareto yake haikuwa na magugu, na hakuna aliyewahi kumwona akipepesuka njiani. Ubaya ulikuwa kile alichorithi kwa babu yake. Ilikuwa obokano, ile ala kubwa ya nyuzi nane, tumbo lake la mti limefunikwa ngozi ya ng'ombe, sauti yake nzito kama ya fahali anayeota. Obokano hulia penye pombe, Machogu alisema. Nani amewahi kuisikia mahali ambapo hapakuwa na chungu cha busaa? Yeye hangempa binti yake mtu wa kuwachezesha walevi.

Kisha esigani akaja na jibu jipya. Ongeri amekubali. Sabato hii ataileta obokano kanisani na kuikabidhi mbele ya watu wote, naye ataingia darasa la ubatizo. Kwa kuwa haifai kuwasha moto siku ya Sabato, itachomwa Jumapili asubuhi. Machogu aliposikia hayo alisimama, akamshika esigani mkono kwa mikono yake miwili. Bathsheba akapiga kigelegele ambacho majirani walikisikia wakiwa shambani. Kemuma alikwenda nyuma ya jiko, akakaa juu ya gogo, akaingoja furaha. Aliingoja mpaka kuku wakapanda kulala.

Sasa alipita katikati ya mahindi, akavuka ua wa kaiyaba, akaiona nyumba.

Ilikuwa nyumba ya mzungu, ya mawe, yenye baraza pana na bomba la moshi lililoota majani. Mwenyewe aliondoka wakati mashamba yalipogawanywa na watu wakapanda kutoka Kisii na Nyamira kuja kukaa huku juu penye ukungu. Ratemo, babaye Ongeri, aliyekuwa mpishi wake, ndiye aliyeachiwa ufunguo. Mzungu alichukua vitanda, mapazia, hata vitasa vya milango. Aliacha gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono na santuri chache ambazo jua lilikuwa limezipinda.

Kemuma na Ongeri walikuwa watoto wakati huo, na mchezo walioubuni haukuwa na jina. Mmoja alibaki ukumbini na gramafoni. Mwingine alitembea ndani ya vyumba vitupu na kusema anachokiona, na hakuruhusiwa kudanganya. Santuri ya tarumbeta ikilia, sebule ilijaa wageni wenye viatu vya kung'aa, na Kemuma alipita katikati yao akiomba radhi. Ongeri akiitoa na kuweka ile ya fidla, wageni waliondoka, na pale dirishani pakawa na kitanda cha mgonjwa. Dirisha lilikuwa lile lile, vumbi lile lile. Siku moja Kemuma alitoka bafuni akilia, kwa kuwa wimbo wa taratibu ulimwonyesha mwanamke akifua nguo za mtoto ambaye hatazivaa tena. Alipomtazama Ongeri, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, aliona naye macho yake yamelowa.

Tangu siku ile hakuna aliyewahi kumwelewa Kemuma kama yeye. Mapenzi yao yalianzia hapo, ingawa walichukua miaka kujua kwamba yanaitwa mapenzi.

Springi ya gramafoni ilipokatika, Ongeri alikuwa amekwisha kufundishwa obokano na babu yake. Mchezo ukaendelea, na nyumba ikawa nzuri zaidi. Santuri zilikuwa zikisema jambo moja kila siku, lakini obokano iliweza kumfuata mtu mlangoni, ikasita aliposita, ikamtangulia alipoogopa.

Ongeri alikuwa amekaa ukumbini juu ya kigoda, obokano katikati ya magoti, akiipaka ngozi yake mafuta kwa kitambaa. Hakusimama.

"Umechelewa."

"Nilikuwa nasaga wimbi."

"Mikono yako haina unga, Kemuma."

Kemuma alikaa kizingitini, akamtazama akipaka. Alipaka taratibu, akizunguka kila kigingi, kama mtu anayemwogesha mgonjwa.

"Nani hupaka mafuta kitu cha kuchomwa?" akauliza.

"Hata ng'ombe wa kuchinjwa hupewa maji." Akainua macho, na Kemuma akaona kwamba hakuwa amelala vizuri. "Usinitazame hivyo. Nimeshakubali. Baba yako ameshatoa mkono."

"Hukuniuliza mimi."

"Ningekuuliza nini? Kama unanitaka?"

Alisema kwa utani, lakini utani ule haukusimama, ukaanguka katikati yao. Kemuma akamwuliza kama hakuna njia nyingine. Ongeri alimkumbusha, bila hasira, kwamba njia nyingine aliitaja yeye mwenyewe msimu uliopita, kwamba watoroke waende Kericho kwenye mashamba ya chai, na Kemuma ndiye aliyekataa. Ni kweli. Dada yake Esnah alitoroka na mtu wa Sironga, na tangu siku hiyo Mzee Machogu hakulitaja jina lake tena, hata kwenye sala. Bathsheba alikuwa bado anampakulia Esnah chakula kwa mazoea, kisha anakirudisha chunguni akidhani hakuna anayemwona. Kemuma hangeweza kumpa mama yake sahani ya pili ya kurudisha.

"Basi ndiyo hiyo," Ongeri akasema. "Ukiwa na mlango mmoja, huulizi kama ni mwembamba." Akaweka kitambaa chini. "Ingia. Tucheze mara ya mwisho, kisha nikusindikize."

Kemuma hakutaka. Lakini vidole vya Ongeri vilikuwa vimeshagusa nyuzi, na sauti ile ikapita sakafuni, ikapanda kwenye nyayo zake. Akainuka akaingia sebuleni.

Ongeri alipiga wimbo wa furaha. Kemuma hakuwa amefika katikati ya chumba, tayari palikuwa na meza ndefu, na kwenye meza baba yake amevua kofia akaiweka gotini, jambo alilofanya tu akiwa ameshiba na kuridhika. Bathsheba alikuwa akizunguka na birika. Kwenye kona, akiwa amesimama kama mgeni asiyejua kama amealikwa, alikuwa Esnah.

"Unaona nini?" Ongeri akauliza kutoka ukumbini.

"Watu wetu. Wote."

"Na mimi niko?"

"Wewe ndiye unayewapigia."

Akasikia kicheko chake kidogo ndani ya wimbo. Obokano ikamwongoza hadi jikoni. Pale pakawa na moto, na mtoto mwenye tumbo la uji akitambaa kuelekea mlangoni, na wimbo ukamkimbilia mtoto kabla Kemuma hajainama kumshika. Moyo wake ulijaa hata akalazimika kushika ukuta. Akavuka kuelekea chumba cha mbele, akitamani kuona zaidi, akitamani kujua kama mtoto ni wa kike.

Ghafla obokano ikanyamaza. Ongeri alikuwa ameweka kiganja juu ya nyuzi zote.

"Usisimame," akamwita. "Tembea tu. Niambie unachokiona."

"Umeacha kupiga."

"Ndiyo. Tembea."

Akatembea. "Magunia ya mbolea," akasema. Chama cha ushirika kilikuwa kimeyapanga pale tangu mwaka uliopita.

"Kingine?"

"Sinki. Limepasuka."

"Na chumba cha kulala?"

Alisimama mlangoni pa chumba cha kulala. Mbao za sakafu zilikuwa zimeliwa na mchwa upande mmoja. Kulikuwa na kinyesi cha panya, na kipande cha gazeti kilichokauka. Alingoja. Alijaribu mwenyewe kuweka kitanda, kuweka taa, kumweka mume wake akivua viatu. Havikukaa. Kila alichoweka kilianguka sakafuni na kuwa vumbi.

"Hakuna kitu," akasema.

Alirudi ukumbini, akamkuta amekaa vile vile, kiganja bado kiko juu ya nyuzi.

"Kwa nini umefanya hivyo?"

"Nilitaka uzoee." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto kuhusu dawa chungu. "Mimi nimekuwa nikijizoeza wiki nzima. Naamka, nakwenda kukama, najikataza hata kuipiga moyoni. Inawezekana, Kemuma. Ng'ombe ni ng'ombe. Ndoo ni ndoo. Barabara ya kupeleka maziwa ni barabara. Mtu hafi kwa hilo."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Ng'ombe ni ng'ombe, ndoo ni ndoo. Siku hizi zote unazojizoeza, ukinifikiria mimi, naonekanaje?"

Alifungua mdomo. Kemuma aliyatazama macho yale aliyoyajua kuliko ya ndugu zake, akaona akitafuta, kwa bidii, kwa uaminifu, neno lisilo la uongo. Nje ng'ombe wa mtu alilia. Ongeri alikuwa bado anatafuta.

"Nakupenda," akasema hatimaye.

"Hilo najua. Nimekuuliza lingine."

Ongeri akanyosha mkono, akachukua wa Kemuma, akaufunika. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama pembe kwa sababu ya nyuzi. Kemuma alizipapasa moja moja, akajua kwamba msimu mmoja wa mvua ungetosha kuzilainisha. Angekuwa na vidole laini kama vya karani, na angekaa mezani jioni akivitazama, na hangemlaumu mkewe hata siku moja. Hilo ndilo lililomtisha. Angekuwa mwema kwake mpaka kufa.

"Usiilete kesho," akasema.

"Nitaileta."

"Ukiileta nitakukataa. Mbele ya mchungaji na watu wote."

Ongeri alicheka, kweli safari hii. "Wewe? Wewe ambaye hujawahi kumwambia baba yako kwamba amekutilia chumvi kwenye chai?"

"Nitakukataa, Ongeri."

Kicheko kikaisha. Akauachia mkono wake. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa na ukali ambao Kemuma hakuwahi kuusikia. "Baba yako ananidai hii," akasema akigusa obokano, "lakini aliniuliza. Alimtuma mtu, akasema, unakubali au hukubali, nami nikajibu kwa kinywa changu. Wewe hata huniulizi. Unakaa hapo unaniamulia kitu gani niwe na huzuni nacho."

Kemuma alitaka kumwambia kwamba amewaona wote sebuleni, na mtoto, na Esnah kwenye kona, na kwamba hakuna hata mmoja wao anayeweza kuishi ndani ya nyumba ambayo yeye hapigi. Lakini mwanga wa dirishani ulikuwa umekuwa mwekundu.

"Jua," Ongeri akasema. "Nenda. Mama yako atagombezwa kwa ajili yako."

Alikimbia. Alikimbia akiwa na mpango kichwani: afike kabla, amwambie baba yake kwamba amebadili nia, ili mtu atumwe kwa Ratemo kabla usiku haujaingia na Ongeri abaki kwake kesho. Aibu ingekuwa ndogo, ya nyumba mbili tu. Lakini kwenye mlango wa boma alilikuta jua limeshazama. Viazi vilikuwa vimemenywa na kupikwa. Familia ilikuwa imekaa, Biblia iko wazi juu ya goti la Mzee Machogu.

"Tata," akasema akitweta, "nina neno kuhusu Ongeri."

Baba yake aliinua kiganja. Hakuwa amekasirika. Alimweleza kwamba mambo ya ndoa ni mambo ya dunia, yana siku zake sita, na leo yamefungwa. Neno lake, hata likiwa zuri namna gani, litangoja Jumamosi jioni.

"Haliwezi kungoja, tata."

"Kila neno linaweza kungoja Mungu. Kaa, tusome."

Akakaa. Bathsheba alimsogelea kwenye benchi, akamwondolea jani la mhindi kwenye nywele, akitabasamu, akidhani binti amekimbia kwa furaha.

Kesho yake kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Habari ya obokano ilikuwa imefika mbali, na mchungaji alikuwa ametoka upande wa Nyamira kwa ajili hiyo. Waliimba bila ala yoyote, wanaume upande wao na wanawake upande wao, sauti zikipanda kwenye mabati. Kemuma aliimba pia. Mama yake alikuwa amemshonea kola mpya nyeupe, na ilimbana shingoni.

Ongeri aliingia wakati wa sala ya pili pamoja na baba yake Ratemo. Obokano ilikuwa imeviringishwa kwenye blanketi, na aliibeba mbele ya kifua kwa mikono miwili. Alipofika mbele alimtafuta Kemuma kwa macho. Hakukuwa na hasira ya jana. Macho yalisema, unaona, nimekuja. Kemuma alitamani kuyajibu kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote.

Mchungaji alizungumza juu ya kijana aliyeacha alichokipenda. Alizungumza vizuri, na akina mama kadhaa walifuta macho. Mzee Machogu alikuwa amesimama kando, tayari kupokea, na uso wake, ambao kwa kawaida ulikuwa kama mlango uliofungwa, ulikuwa wazi. Kisha mchungaji, kwa kuwa desturi inataka msichana naye aulizwe, na kwa kuwa alitaka kuwafurahisha watu, akageukia upande wa wanawake.

"Na binti yetu Kemuma, umeridhika na kijana huyu?"

Ilitosha kuinamisha kichwa. Wasichana wote waliinamisha kichwa, na hapo watu walicheka kidogo, na mambo yakaendelea. Kemuma akasimama. Bathsheba alimshika sketi, akidhani amekosea.

"Hapana," Kemuma akasema.

Mchungaji alitabasamu, akainamisha sikio. "Umesemaje, binti?"

"Sijaridhika. Simtaki."

Hakukuwa na kelele. Ilikuwa kama mtu ameweka kiganja juu ya watu wote. Alimwona baba yake akimtazama, kisha akitazama chini, kisha akipapasa kofia ambayo hakuwa nayo kichwani. Alimwona Ratemo akimshika mwanawe bega. Ongeri hakumtazama mtu yeyote ila yeye. Uso wake ulikuwa ule ule aliokuwa nao siku ile ya utotoni Kemuma alipotoka bafuni analia, lakini leo hakuingia ndani ya huzuni yake. Alibaki nje.

Mchungaji alikuwa mtu mwerevu. Alikohoa, akasema kwamba mambo ya vijana ni ya vijana, lakini ahadi kwa Mungu ni ahadi. "Mwanangu," akamwuliza Ongeri, "ndoa au pasipo ndoa, je, bado unaitoa?"

Kemuma hakuwa amelifikiria hilo. Aliona blanketi likisogea kidogo kuelekea mikono ya Mzee Machogu, akajua kwamba Ongeri anaweza kuitoa, kwa uchungu tu, kwa kumkomoa yeye, na kwamba basi yeye Kemuma atakuwa amempotezea vyote viwili kwa neno moja. Alishika mgongo wa benchi la mbele kwa nguvu hata ukucha ukaingia mbao.

"Nilikuwa nikiileta kwa ajili ya Kemuma, mchungaji," Ongeri akasema. "Siwezi kumdanganya Mungu."

Akageuka na mzigo wake. Watu wakampisha. Viatu vyake vilisikika kwenye udongo mkavu wa uwanjani, kisha havikusikika. Kemuma aliketi. Wakati wote wa mahubiri alitega sikio kuelekea dirishani. Hakujali Ongeri angepiga nini, wimbo wa harusi au wa msiba. Alitaka tu obokano imwambie siku hii ni siku ya namna gani. Ukungu ulishuka, ng'ombe wakapita, na hakuna aliyepiga kitu.

Jumamosi jioni jua lilipozama, Mzee Machogu alimwita bintiye chini ya paa la ghala. Kemuma alikwenda akiwa tayari kwa fimbo. Mzee alikaa akisugua magoti.

"Ulikuwa na neno jana," akasema. "Ndilo hilo?"

"Ndilo, tata."

"Ningelisikiliza." Akaitazama mikono yake. "Unajua, nilikuwa nimempenda yule kijana."

Hakumwambia zaidi ya hapo, wala Kemuma hakumweleza. Angemwelezaje? Angesema kwamba alimkataa mtu kwa sababu ya mtoto aliyemwona akitambaa kwenye jiko la mzungu?

Waliambiwa baadaye kwamba Ongeri amemwachia ndugu yake pareto na kushuka Keroka. Bathsheba alikaa majuma mengi bila kumsemesha bintiye ila kwa kazi. Esigani mwingine alikuja kwa ajili ya mwalimu mmoja wa Sironga, akanywa uji, akaambiwa binti hayuko tayari, na Mzee Machogu ndiye aliyemwambia, bila kumwuliza Kemuma.

Mvua ndefu zilipokwisha, mama na binti walipeleka ndizi soko la Keroka. Malori yalikuwa yamepangana kando ya barabara ya Kericho, utingo wakiitana kwa matusi ya kirafiki, na matope yalikuwa ya kuvua viatu. Kemuma alilijua soko lile tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Alitandika majani makavu, akapanga mikungu, akaanza kuita wateja.

Sauti ilitoka nyuma ya maduka, kwenye ua walikolala madereva. Ilikuwa nzito, ikipita chini kwa chini, ikafika kwenye nyayo kabla ya kufika masikioni. Hakuhitaji kumwona mpigaji. Aliijua ile namna ya kusita kidogo kabla ya kuteremka, kama mtu anayeshika kizingiti.

Lakini wimbo hakuujua. Alizijua nyimbo zake zote, hata zile alizozianza na kuziacha, na huu haukuwamo. Haukuwa wa furaha, wala hakuweza kuuita wa huzuni. Ulikuwa na barabara ndani yake, na watu wasiojuana. Na soko lilianza kubadilika mbele ya macho yake. Malori yakawa makubwa na ya mbali. Wanawake aliowaamkia asubuhi wakawa na nyuso za wageni. Kibanda cha kinyozi, mnazi uliochorwa kwenye bati la duka la Mohamednoor, mti uliofungwa mbuzi, vyote vilikuwa palepale, navyo vilikuwa vya mji ambao hakuwahi kufika. Alimtafuta mle ndani, kwa mazoea, mtu anayefanana na yeye mwenyewe. Hakumwona.

"Analia huyu?" mtu akauliza.

Alikuwa Dahabo, mke wa Mohamednoor, amesimama na kikapu, shungi lake limelowa ukungu. Bathsheba alimtazama bintiye, kisha akatega sikio kuelekea nyuma ya maduka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kanisani akaelewa kitu. Alisogea tu, bega lake likagusa la Kemuma.

"Ni baridi, mama Dahabo," akasema. "Huku kwenu kuna baridi kuliko kwetu."

"Haya. Hizi ni za kupika au za kuiva?"

Kemuma aliutazama mkungu aliokuwa ameushika. Aliugeuza huku na huku. Hakuweza kujua.

"Za kupika," mama yake akajibu kwa niaba yake, akaupokea mkungu mikononi mwake, akaukata, akaufunga kwa majani. Nyuma ya maduka watu walianza kupiga makofi kufuata nyuzi, taratibu, kisha kwa nguvu, na mtu mmoja mwenye sauti nzuri, mgeni kabisa, akaingia ndani ya wimbo na kuanza kuuimba.